Mwisho Ambao Haukuwamo Kwenye Filamu

Sikuwa na cheti cha shule ya mchana. Sikuwa na magego mawili ya juu upande wa kushoto, sikuwa na gari, sikuwa na televisheni iliyozidi upana wa trei ya chai, wala sikuwa na ndugu gazetini wa kunishika mkono. Sikuwa na miwani ya akiba. Hayo yote mtu anaweza kuishi nayo, na mimi nimeishi nayo vizuri tu. Nilichokosa hasa, kwa mtu aliyeandika kila wiki maoni yake kuhusu filamu za kutisha, ni ujasiri wa kuzitazama.

Kazi yangu ilikuwa kujalidi vitabu. Kwa miaka thelathini na minne nilikunja karatasi, nikazishona kwa uzi, nikapaka gundi mgongoni na kuvisha jalada. Gundi ikiwa inakauka, nilisoma. Ndiyo maana vitabu vingi nimevisoma vipande vipande, kurasa za katikati kabla ya za mwanzo, na bado nilivielewa. Masomo ya jioni niliyaanza nikiwa na miaka thelathini na minane, nikakaa dawati moja na mtu aliyeniita baba, na miaka mitano baadaye nikafaulu kwa alama ambazo yeye hakuzipata.

Nilipostaafu nikaanza kuliandikia barua gazeti letu la kila wiki, kuwasahihisha makosa yao. Niliwaandikia kila Ijumaa. Mwaka wa pili Mhariri, mwanamke mwenye umri wa mabinti zangu, akaniita ofisini kwake na kuniambia kwa upole kwamba, kwa vile najua mengi, basi niwaandikie kitu. Nikauliza kuhusu nini. Mpira ulikuwa na mwenyewe. Siasa zilikuwa na wenyewe watatu, na hawasalimiani. Afya ilikuwa na daktari. Zilibaki filamu za kutisha, kwa sababu kijana aliyekuwa akiziandika alioa, na mkewe akachoka kulala na taa inawaka.

Nilisema hakuna tatizo. Mimi si mtu wa kuomba muda wa kufikiri mbele ya watu.

Wakanipa ukurasa wa tisa, wakaiita safu hiyo Jicho la Mzee.

Filamu ya kwanza iliitwa Kabati Jekundu. Dakika ya kumi mlango wa kabati ulijifungua wenyewe, polepole, na mimi nikafumba macho nikawa nayabana kama mtu anayekamua nguo. Pembeni yangu alikaa mke wangu, ambaye watu humwita Mama Mapacha kwa sababu ya mabinti zetu wawili. Alishona sare za shule kwa miaka arobaini na hakuna kitu kinachomshtua. Yeye huangalia filamu za kutisha kama mtu anayeangalia mvua akiwa barazani. Aliponiona nimefumba, hakucheka. Aliniinamia sikioni akaanza kunieleza: "Ametoka mwanamke. Gauni lake limeshonwa upande mmoja tu, mwingine wamebana pini. Hiyo damu ni rangi, wala haijaingia kwenye kitambaa."

Nikatulia. Tangu siku hiyo tukawa na utaratibu wetu. Muziki ukishuka, anabonyeza kiganja changu mara moja, nafumba, ananisimulia. Hatari ikipita, anabonyeza mara mbili, nafumbua. Gizani hakuna anayeona. Nikifika nyumbani naandika, na sikuona kama ninamdanganya mtu, maana nilikuwemo ukumbini tangu tangazo la kwanza mpaka jina la mwisho.

Na maoni yalikuwa yangu. Naomba hilo lieleweke. Kabati Jekundu nilizifuata zote tano. Ya kwanza ilikuwa na kabati moja, mwanamke mmoja na subira, na ilitisha. Ya pili ilikuwa na makabati mawili. Ya tatu kabati lilihamia shuleni. Ya nne kulikuwa na kiwanda kizima cha makabati, na ya tano, baada ya sisi kuchoka, wakaiita Mwanzo, wakatueleza kwamba fundi seremala alipigwa na baba yake wa kambo. Niliandika hivi: "Ukishaniambia kwa nini mzimu ana hasira, nitamwonea huruma. Nikishamwonea huruma, nitamkaribisha chai." Watu waliikata sentensi hiyo gazetini. Kinyozi wangu aliibandika kwenye kioo.

Aliyenipinga kila wiki alikuwa Mwalimu, mstaafu aliyefundisha kemia. Barua zake zilichapwa chini ya safu yangu. Alisema filamu za mfululizo hazina kosa lolote, kwamba watu hurudi kwa kabati lile lile kama wanavyorudi kwa kinyozi yule yule, si kutafuta jambo jipya bali kukaa mahali wanapopajua. Hoja hiyo ilikuwa nzuri na iliniudhi wiki nzima. Tulipokutana kwenye foleni ya benki tulisalimiana kwa adabu zote, kama mabalozi, kisha kila mmoja akakimbilia nyumbani kuandika.

Ndipo ikaja Cherehani ya Marehemu.

Hii kwanza ilikuwa kitabu, na kitabu hicho nilikijalidi mimi, nakala mia mbili za maktaba. Moja jalada lake lilienda upande, nikaruhusiwa kuichukua. Nilimsomea mke wangu jioni kumi na moja mfululizo. Ni hadithi ya fundi cherehani anayefariki akiwa hajamaliza gauni la harusi la binti yake. Baada ya mazishi, chumba kikiwa kimefungwa, cherehani inasikika ikishona. Tak, tak, tak. Kila anayeingia anakuta uzi umesogea. Watu wanakimbia, nyumba inahamwa. Mwishoni binti anarudi peke yake, anakaa kwenye kiti cha mama yake, anatia uzi, anamaliza pindo lililobaki. Cherehani inanyamaza. Basi. Nilipofunga kitabu Mama Mapacha alikuwa ameweka sindano chini, jambo ambalo halifanyi hata wageni wakija. Akasema aliyeandika hiki anaijua mashine.

Kwa hiyo filamu ilipotangazwa tulinunua tiketi siku ya kwanza, Jumamosi saa tisa alasiri. Nilivaa koti. Nusu saa ya mwanzo ilikwenda vizuri, lakini baada ya hapo kiganja changu kilibonyezwa, nikafumba, na dakika ishirini za mwisho sikubonyezwa tena. Alinisimulia taratibu, sauti yake karibu kabisa na sikio langu: binti ameingia, amekaa, anatia uzi, mkono wake unatetemeka, sasa hautetemeki, anashona pindo. Watu walikuwa wanapiga mayowe na kitu kilikuwa kinapasuka. Nikauliza kelele zile ni za nini. Akasema ni radi, wameweka mvua nje.

Nikawaza: huyu mwongozaji ana akili. Kaweka radi nje ili ndani tusikie kimya. Machozi yakanitoka kope zikiwa zimefungwa.

Wiki hiyo niliandika makala bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilisema filamu nyingi zinazotoka vitabuni hubeba jina la kitabu na kuacha moyo wake mlangoni, lakini hii imekiheshimu kitabu mpaka kwenye pindo la mwisho. Nilisema hofu ya kweli ni kusubiri, si kelele. Nilisema wengine waje wajifunze hapa. Gazeti lilitoka Alhamisi. Ijumaa nzima nilipita mitaani polepole kuliko kawaida, nikiwapa watu nafasi ya kunipongeza, na nikashangaa kuona hawaitumii.

Jumatatu Mhariri akaniita. Mezani kwake kulikuwa na barua kumi na tisa. Alichukua ya juu, ambayo niliutambua mwandiko wake, akanisomea. Mwalimu alitaka kujua mzee ameona filamu gani. Katika ile aliyoiona yeye, cherehani inaota miguu, inawafukuza watu hadi barabarani, inamshona mchungaji kwenye pazia, nyumba inalipuka, na mwisho kabisa sindano inatikisika ndani ya majivu ili tujue sehemu ya pili inakuja. Alimalizia kwamba kama Jicho la Mzee limechoka, yeye anayo mawili yanayofanya kazi.

Mhariri hakucheka, ila niliona midomo yake ikifanya kazi ngumu.

"Mzee wangu," akasema, "nakuuliza mara moja tu. Uliiona filamu hii?"

"Nilikuwemo ukumbini mwanzo mpaka mwisho."

"Sijauliza hilo."

Akaniambia wasomaji wanadai maelezo, na anayataka kwa maandishi kabla ya saa sita mchana siku ya Jumatano. Nikishindwa kueleza, ukurasa wa tisa atapewa Mwalimu, kwa sababu amekwisha kuuomba. Alilisema hilo akiangalia dirishani, na nikamshukuru moyoni kwa kutoniangalia.

Nyumbani nilimkuta Mama Mapacha anashusha pindo la sketi ya jirani. Nikamweleza yote. Aliendelea kushikilia pini mdomoni, kama afanyavyo asipotaka kusema, nami nikavuta kiti nikasubiri. Mwishowe akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini.

"Baba Mapacha," akasema, "ile mashine iliota miguu."

"Mingapi?"

"Sikuhesabu. Mingi."

"Na radi?"

"Hapakuwa na radi. Nyumba ilikuwa inalipuka."

Nilimwuliza kwa nini. Akalaza sketi magotini, akailainisha kwa kiganja.

"Walikuwa wamekiharibu kitabu. Nikageuka nikakuona umefumba macho, una furaha kama mtu anayemsubiri mgeni mlangoni. Nikasema, hasara hii ya nini kuipata wawili? Nikakupa mwisho wetu."

Ningeweza kuishia hapo, lakini elimu imenizoesha kuuliza swali la pili. Nikauliza kama aliwahi kufanya hivyo katika filamu nyingine. Alifikiri. Akakiri kwamba Kabati ya tatu aliifupisha, ilikuwa ndefu bila sababu. Nikauliza kuhusu ile ya shamba la mahindi, ambayo niliisifu gazetini kwa sababu mwongozaji alikuwa na utu wa kumwacha mbwa akimbie.

"Yule mbwa alikufa," akasema. "Tena mapema."

Nilikasirika. Mimi nikikasirika sipigi kelele. Nilikwenda sebuleni nikapanga upya vitabu vyangu kwa urefu, kisha kwa rangi, kisha nikavirudisha vilivyokuwa. Hapo nikapata njia. Nilikaa nikaandika kwamba filamu hii ina matoleo mawili, kwamba toleo la mwanzo, lililohaririwa kwa utulivu zaidi, lilioneshwa siku ya kwanza kabla ya kubadilishwa. Ilikuwa kurasa mbili, hoja zimepangwa, nukta na mkato kila kimoja mahali pake. Ningeisoma mimi ningeamini.

Hakuna kinachotoka nyumbani kwetu bila Mama Mapacha kukisoma. Aliisoma yote akiwa amesimama. Akairudisha mezani.

"Imeshonwa vizuri," akasema. "Lakini kitambaa umekiiba." Kisha, alipofika mlangoni: "Hata hivyo, unaitetea filamu ambayo hujaiona. Kesho twende ukaione."

Jumanne saa tisa alasiri ukumbini tulikuwa watu watano. Kulikuwa na wapenzi wawili waliokuja kwa shughuli zao, kulikuwa na sisi, na safu tatu mbele yetu, akiwa na daftari na tochi ndogo, alikuwepo Mwalimu. Alikuja kukusanya ushahidi. Tukainamiana vichwa.

Mke wangu alikunja mikono yake mapajani ili asinibonyeze. Niliushika mkono wa kiti. Muziki uliposhuka, kila kilichomo mwilini mwangu kiliniambia nifumbe, na sikufumba. Nikaona chumba kitupu. Nikaona kanyagio likishuka lenyewe, likapanda, likashuka. Tak, tak, tak. Naomba niseme kwa haki kwamba sehemu hiyo wameitengeneza vizuri sana, na kwamba jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Nilimgeukia Mama Mapacha ili nipate mahali pa kupumzisha macho, nikakuta yeye haangalii skrini. Ananiangalia mimi. Basi nikageuka tena mbele.

Kisha ikaota miguu.

Nilihesabu sita. Picha ilipobadilika nikahesabu minane. Mashine ilikimbia barabarani na meza yake, droo zikifunguka na kujifunga, na mchungaji akashonwa kwenye pazia kwa mshono wa zigizaga. Nilianza kucheka tumboni, nikijaribu kubaki na heshima zangu, lakini mchungaji alipolalamika kwamba pazia ni la kanisa nikashindwa. Mama Mapacha akaninong'oneza kwamba uzi umetiwa kinyume tangu dakika ya kwanza, na hapo tukaharibika wote wawili, tukacheka tukashikana mabega, mpaka wale wapenzi wakaacha shughuli zao na kugeuka. Mwalimu alitumulika na tochi. Miaka yote ile niliogopa kitu ambacho, ukikitazama vizuri, hakikubaliani na chenyewe kina miguu mingapi.

Taa zilipowaka Mwalimu alitusubiri mlangoni. Alimwamkia mke wangu kwanza.

"Umeiona miguu?" akaniuliza.

"Sita au minane. Wenyewe hawakuelewana."

Akacheka, na sikujua kama anaweza. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Baada ya kuandika barua yake alikwenda maktaba kukitafuta kitabu, akakisoma kwa siku mbili, na akakuta mwisho nilioueleza gazetini ndio mwisho wa kitabu. Alisema ni mwisho mzuri, na kwamba jalada lilikuwa limeshonwa imara. Akateremsha sauti. Yeye anadhani nilipitiwa na usingizi ukumbini, nikaota kile nilichokisoma. Kwa umri wetu si aibu. Nikiandika hivyo, kwamba nililala, hatanisukuma zaidi, na ukurasa atauacha.

Ulikuwa uungwana mkubwa, na nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha kuuchagua. Nililala. Neno moja tu, na kila mzee nchini angenielewa. Ningebaki na ukurasa wangu, koti langu na kinyozi wangu.

Jumatano asubuhi nikachukua karatasi. Niliandika "Nililala", nikaliangalia. Mama Mapacha alikuwa chumba cha pili, mashine yake inakwenda. Nikakumbuka dakika ishirini za sauti yake sikioni mwangu, huku nyumba nzima inalipuka mbele yake na watu wanapiga mayowe, naye hakukosea hata neno moja la kitabu alichosomewa mara moja. Kama nililala, basi hayo yote yalikuwa ndoto yangu, na yeye hakuwepo. Nikaikunja karatasi ile nikaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Nikachukua nyingine.

"Mhariri mpendwa," niliandika, "nimekuletea makala mia mbili sitini na mbili. Katika zote hizo, kila kitu cha kutisha kilionwa na mke wangu, kwa sababu mimi nilikuwa nimefumba macho. Ninaogopa. Maoni ni yangu na ninayasimamia, isipokuwa lile la mbwa, ambalo ninaliombea radhi. Mwisho nilioueleza wiki iliyopita haumo kwenye filamu. Umo kwenye kitabu, na alinisimulia msaidizi wangu ili nisihuzunike. Jana nimeiona filamu yenyewe, macho wazi. Nusu saa ya mwanzo inatisha kweli. Iliyobaki inachekesha, ila waliotengeneza hawajui. Kama Mwalimu anafaa zaidi, mpe ukurasa, na nitamwandikia barua kila wiki kumpinga. Kama bado unatutaka, tuchukue wote wawili: mke wangu aone, mimi niandike, na majina yawe mawili. Ameahidi kutomwokoa mbwa yeyote tena."

Nikampelekea Mama Mapacha aisome. Alisoma, akachukua pini, akaichomeka karatasini kwenye neno "msaidizi". Nilirudi nikaiandika barua yote upya, kwa sababu mimi sipeleki karatasi yenye tundu, na mahali pale nikaweka "mke wangu, ambaye ndiye aliyeiona."

Aliposoma mara ya pili alivuta kalamu yangu mkononi. Chini ya sahihi yangu akaandika kwa mwandiko wake wa kupima nguo, herufi kubwa zimesimama wima: "Cherehani ile ilitiwa uzi kinyume. Isingeweza kushona hata leso, sembuse mchungaji." Kisha akatia sahihi. Katika makala zangu zote mia mbili sitini na mbili hamna sentensi inayoishinda hiyo, na nilimwambia hivyo, ingawa si mara moja.

Ilikuwa saa tano na nusu. Gundi ya dukani siiamini, kwa hiyo nilikoroga unga na maji kwenye kikombe, nikaipasha moto mpaka ikavuta. Mama Mapacha aliikunja barua mara tatu, akapitisha kucha kwenye mikunjo. Nilipaka gundi kwenye mdomo wa bahasha, nikaufunga, nikaukandamiza kwa kipande cha mfupa nilichofanyia kazi miaka thelathini na minne, na tukaishika pamoja mpaka iliposhika.

Tulikwenda kwa miguu. Getini kwa gazeti kuna sanduku la chuma la barua za wasomaji, lenye tundu jembamba ambalo bahasha nene hulikataa. Nilijaribu, ikakwama nusu. Mama Mapacha akanisogeza kidogo kwa kiwiko, akaisukuma kwa vidole viwili, taratibu, kama anavyosogeza kitambaa chini ya sindano, mpaka tukaisikia ikiangukia juu ya zile nyingine.